Nyumba ya mbao ya kuunga mwenyewe uani: tumeikalia kiangazi na baridi, haya ndo maoni yangu

Kwa wenye haraka nianze na jibu: ndiyo, ningenunua tena, ila sio kwa ile bei ya kwenye tangazo manake ile ni bei ya mbao, nyumba bado. Naongelea hizi nyumba ndogo za mbao nzito zinazotoka kiwandani zimeshakatwa, kila kipande na namba yake, unaletewa mzigo unaunga mwenyewe nyuma ya nyumba yako. Huku New Zealand wanaziita kitseti, na hapa Hamilton tunapoishi ukipita mtaani ukachungulia juu ya fensi hukosi kuiona moja, mtu kafanya ofisi, mwingine jimu, mwingine kamuweka kijana wake wa chuo aliyegoma kuhama. Yetu ni mita 5 kwa 4, ukuta wa milimita 44, mlango wa vioo mbele, madirisha mawili, paa la mgongo.

Sababu yetu ni mama mkwe. Akija kutoka Tanga haji kwa wiki mbili, nauli ya kuja huku mwisho wa ramani sio ya kuchezea, anakaa miezi, na nyumba yetu vyumba vyote vimejaa watoto. Mzazi mzima kulala sebuleni huku vijana wanaangalia mpira saa saba usiku, hapana. Tukapiga hesabu ya kuongeza chumba kwenye nyumba yenyewe tukaachana nayo hapohapo, mchoraji, kibali cha baraza la mji, mafundi wa leseni, na wewe uko katikati ya vumbi unapika. Tukaangalia kabini za kukodi, zile lori linakuja nazo zimekamilika zinashushwa uani unalipa kwa wiki, hizo ni poa kama shida yako ni ya miezi michache ila ukikaa nayo miaka unakuwa umelipia nyumba isiyo yako. Ikabaki aina mbili, hii ya mbao nzito za kupandana na ile ya fremu yenye sufi ya kuzuia baridi katikati na ubao nje. Hii ya pili nitairudia, nadhani watu wanaidharau bure kwa sababu kwenye picha haivutii.

Sheria kidogo kwa walio huku. Tangu tarehe 31 Agosti 2020 jengo dogo linalosimama peke yake, la ghorofa moja, linaweza kufika mita za mraba 30 bila kuomba kibali cha ujenzi, kabla ya hapo mwisho ilikuwa 10. Ila bila kibali sio bila masharti. Kwa seti za kununua, muuzaji anatakiwa awe na mchoro uliofanywa au kupitiwa na injinia aliyesajiliwa, jengo lisipande zaidi ya mita 3.5 kutoka sakafuni, sakafu isikae juu zaidi ya mita 1 kutoka ardhini, ndani kusiwe na choo wala bafu wala tangi la maji ya kunywa, na kama mtu atalala humo basi itumike pamoja na nyumba kubwa, isiwe na jiko, na kengele ya moshi iwepo. Umbali na fensi ya jirani una kanuni yake, sisi tulitakiwa tukae mbali kwa kiasi kisichopungua kimo cha jengo, baadaye wakaja kulegeza, kwa hiyo we piga simu barazani kwako upate ya leo usitegemee yangu. Na kitu ambacho wauzaji hawakwambii: kukwepa kibali cha ujenzi hakukuondolei kanuni za mipango miji, kiwanja kina asilimia yake ya kujengwa, ukiwa tayari una gereji na banda la kuku unaweza kukuta umeshaimaliza.

Hiyo ya kutokuwa na choo mama mkwe aliipokea kwa kicheko. Alisema "Kwetu zamani tulikuwa na choo uani, nyie mmenigeuzia, mimi ndo niko uani choo kiko ndani." Tumeweka taa ndogo za sola kwenye njia ya kuja nyumba kubwa, usiku anatembea bila wasiwasi.

Sasa kuchagua. Hapa ndo nilipoteza usingizi wangu na sijuti. Picha zote zinafanana, ua wa kijani, viti viwili vya miti, mzungu anakunywa kahawa. Achana na picha uliza vitu vitatu: unene wa ukuta, dawa ya mbao, na paa.

Unene unaanzia milimita 19 mpaka 70. Ya 19 ni stoo ya baiskeli, hata wakikuwekea pazia ndani. 28 ni ofisi ya kiangazi. Kwa mtu kulala anzia 44. Lakini msikilize muuzaji kwa sikio moja akianza habari ya kwamba mbao nene inatosha yenyewe, inapumua, haihitaji kitu kingine. Mbao inazuia baridi kweli kuliko tofali au zege, ila milimita 44 za paini ukizipigia hesabu kwa kipimo wanachotumia huku cha R, yani uwezo wa kuzuia joto lisitoroke, kikiwa kikubwa ndo vizuri, zinakupa kama 0.5, wakati ukuta wa nyumba mpya ya kuishi unatakiwa ufike karibu 2. Yani robo. Hiyo sio siri wala matusi kwa bidhaa, ni fizikia, lakini kwenye karatasi zao za matangazo huikuti popote.

Dawa sasa. Paini ya huku ni radiata, mti wa asili ya California, wameupanda misitu na misitu, ule wa Kaingaroa unaendesha gari mpaka unachoka bado ni miti tu kushoto kulia. Unakua haraka lakini bila dawa ukiuacha kwenye mvua unaoza fasta, kwa hiyo mbao zinatiwa dawa kwa madaraja na daraja linaandikwa kwenye ubao au kwenye kilebo. H1.2 ni ya fremu za ndani ya ukuta, mara nyingi inakuwa na rangi ya pinki. H3.1 na H3.2 ni za nje zinazopigwa na mvua lakini hazigusi udongo. H4 na H5 ndo zinaingia ardhini, na nguzo za kubeba nyumba unataka H5. Sasa seti nyingi zinazotoka Ulaya, nchi za Baltiki huko, ni mbao za sprusi, mti wa nchi za baridi unaofanana na paini, ambazo hazijatiwa dawa yoyote. Kule wanazipaka rangi wanaishi nazo, sikatai, lakini Waikato hapa kunanyesha halafu ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, kuna majani yanaota kwenye mirija ya mabati. Muuzaji mmoja nilimuuliza mbao zake ni H ngapi akanijibu kwamba ni mbao ya Ulaya, imekua polepole. Nikamshukuru nikaondoka.

Tuliyochukua ni ya radiata, kuta H3.1, imekatwa hapahapa nchini. Bei yake ilikuwa juu kidogo kuliko za kuagiza za unene huohuo. Na kwa wanaodhani nyumba za mbao nzito ni mambo ya kuchezea bustanini, Rotorua kuna kampuni inaitwa Lockwood iliyoanzishwa 1951 na Waholanzi wawili, wao walijenga nyumba nzima za familia kwa mbao nzito za kupachikana, na nyingi bado watu wanaishi ndani. Sio kampuni tuliyonunua sisi, hizo ni nyumba kubwa na bei yake kubwa, nasema tu kwamba wazo limeshapimwa kwenye mvua hizihizi.

Paa. Seti nyingi zinakuja na mbao za kufunika juu halafu vigae laini vya lami vya kubandika. Sisi tuliwaambia watutolee vigae kwenye bei, tukanunua mabati ya rangi. Mtu wa Tanga humwambii kitu kuhusu mabati. Juu ya mbao za paa tumelaza bodi za povu gumu, juu yake papi, juu yake bati, kwa hiyo ukiwa ndani unaona mbao nzuri na mvua inasikika kwa mbali sio ile ya kukatiza mazungumzo. Kama una hela ya kuongeza sehemu moja tu basi iweke hapo juu, joto jingi linatorokea paani na kiangazi jua kali linaingilia paani.

Msingi nao hauko kwenye seti na ndo unaamua kama nyumba itakaa sawa. Sehemu kubwa ya kuzunguka Hamilton ardhi yake ni ya peti, udongo mweusi mwepesi wa mimea iliyooza maelfu ya miaka, ukitoa maji unanywea, ukiweka uzito unabonyea. Mchoro wa injinia wa seti yetu ulikuwa umeandikwa wazi kwamba unahesabu ardhi nzuri, na kwa viwango vya ujenzi vya huku, vile vya NZS 3604, peti haimo kwenye ardhi nzuri kabisa. Watu wanasaini bila kusoma huo mstari. Tulimwita mtu wa udongo akatoboa pembe nne, bahati yetu upande wa nyuma peti ni ya juujuu tu chini yake kuna mchanga na changarawe, tukachimba mpaka hapo. Kabla ya kuchimba kuna huduma ya kuulizia mabomba na nyaya zinapita wapi, itumie, manake ukikata waya wa intaneti wa mtaa mzima utajulikana kwa hilo mpaka unahama.

Tulikuwa tuchague kati ya zege na nguzo. Zege ni zuri ila kwenye ardhi kama yetu likipasuka limepasuka. Tukaenda na nguzo za H5 zilizosimamishwa kwenye zege, juu yake boriti, juu ya boriti mbao za sakafu, katikati sufi, chini wavu wa kuzuia panya na paka. Faida ya nguzo ni kwamba upande mmoja ukizama baadaye unaweza kuinua kwa jeki ukaweka kipande. Na hewa inapita chini, mbao inakauka. Hapo kwenye kusawazisha usimwonee mtu haya. Pimamaji ndefu, kamba, na pima pembe kwa pembe, kile kimshazari cha kulia na cha kushoto vilingane, mume wangu alitaka kuridhika na tofauti ya sentimita moja na nusu nikamwambia hiyo ukifika juu kwenye paa itakuwa imezaa watoto. Tukafungua tukaanza upya upande ule na mstari wa kwanza wa mbao ukakaa kama umemwagwa.

Kuunga kwenyewe ndo sehemu tamu na hapa seti inastahili sifa zake zote. Mbao zina ulimi juu na mfereji chini, kwenye kona zina pengo lililokatwa, unapachika unagonga kwa nyundo ya mpira, ila usigonge ulimi wenyewe, weka kipande cha ubao juu yake ugonge hicho. Ulimi unatazama juu ili maji yatiririke yasikae kwenye mfereji. Kama mistari kumi na sita ukuta umefika. Watoto walikuwa wanasoma namba wanaleta mbao, wa mwisho ana miaka saba alijua A3 iko wapi kuliko baba yake. Kuta zilisimama wikiendi moja, jirani alitoka kazini akadhani tumeita kampuni. Tulisaidiwa na kaka mmoja wa Bukavu tunayesali naye, yeye ni seremala wa tangu kwao, na ni yeye aliyekuja kutukazia kitu ambacho kitabu cha maelekezo kimekitaja kwa mstari mmoja mdogo: "Dada, hii mbao iko inatembea. Usiifunge."

Hiyo ndo habari yote ya nyumba za namna hii, ukiielewa umemaliza. Mbao ikipata au kupoteza unyevu karibu haibadiliki kwa urefu wake, inabadilika kwa upana. Paini ikikauka kwa pointi nne hivi za unyevu inapungua kama asilimia 1 ya upana. Ukuta wa mita 2.2 ni upana wa mbao kumi na sita zimelaliana, kwa hiyo ukuta mzima unashuka sentimita mbili au tatu mwaka wa kwanza, na msimu wa mvua unapanda tena kidogo. Sasa fremu ya mlango imesimama kwa urefu, haishuki. Ndo maana juu ya mlango na dirisha lazima uache nafasi, halafu unafunika kwa ubao wa urembo uliopigiliwa upande mmoja tu, juu au chini, sio kote. Fremu haipigwi skrubu kwenye ukuta, inakaa kwenye mfereji wake inaelea. Hata kabati la ukutani ukilifunga kwenye ubao wa juu na wa chini kwa pamoja umeuning'iniza ukuta, lazima tundu la skrubu liwe refu ili liteleze. Jirani wa mtaa wa pili yeye alifunga kila kitu kiume, skrubu ndefu kila mahali, na sasa kati ya ubao wa nane na wa tisa kuna pengo, anaweza kukusalimia kupitia hapo.

Kuna vyuma vya nyuzi vinavyopita kwenye kona kutoka juu mpaka chini, vinabana jengo lisinyanyuliwe na upepo. Hivyo navyo unavikaza ukuta ukishashuka, sisi tulikaza mara kadhaa mwaka wa kwanza. Usivione ni mapambo. Kimbunga Gabrielle cha Februari 2023 kilipopita Kisiwa cha Kaskazini watu waliona kwa macho upepo na maji vinaweza nini, na mchoro wa injinia wa seti unatakiwa kusema umehesabiwa kwa ukanda gani wa upepo, huku wanagawa kuanzia wa chini mpaka wa juu sana. Ukikaa mlimani au karibu na bahari usinunue seti iliyohesabiwa kwa bondeni kwa sababu tu ina ofa.

Malalamiko yapo. Muuzaji wetu, jina naliacha, mauzo wako vizuri mno, ukishalipa simu inakuwa nzito. Lori lilishusha mzigo kwenye majani ya kando ya barabara likaondoka, na mzigo ni zaidi ya tani moja, tukaubeba ubao kwa ubao kupitia kijia cha pembeni, hilo la kushusha nje liko kwenye mkataba ila limeandikwa kwa herufi za mchwa. Plastiki ilikuwa imechanika pembe moja mbao zikalowa. Mbao tatu zilikuwa zimepinda kama upinde, mbili tulizivuta kwa mkanda wa ratcheti zikakubali, moja ilibidi walete nyingine na walichukua muda mpaka tukaona aibu kuuliza. Kitabu cha maelekezo kina michoro mizuri na maneno machache ya hovyo. Kitasa cha mlango ni cha kitoto, tulikitupa tukanunua cha maana. Na vioo vya madirisha vilikuja vya safu moja, mimi nilidhani nimelipia safu mbili, nikasoma karatasi, kwenye karatasi imeandikwa tu "kioo". Hapo wao wako sahihi kisheria na mimi nimekasirika vilevile. Kwa kuwa vya safu moja vinatoka jasho asubuhi za baridi, nawashauri mlipie nyongeza ya vioo viwili mapema, kubadilisha baadaye ni ghali.

Umeme ni wa fundi mwenye leseni, hakuna mjadala, na mwambie akupe cheti chake, bima ya nyumba watakiuliza siku ya matatizo. Waya unapita ndani ya ukuta? Haupiti, ukuta ni ubao mtupu. Inabidi upite kwenye mfereji wa nje unaobandikwa au kwenye kona ndani ya kifuniko cha mbao. Kama unachukia kuona mabomba ya waya ukutani basi hii aina haikufai.

Rangi: paka haraka, mbao ikikaa uchi jua la huku linaichoma, miale ya jua la New Zealand ni mikali kuliko watu wanavyodhani kwa baridi yake. Tulipaka rangi ya mafuta inayoingia ndani ya mbao sio ile ya kuganda juu, nje mikono miwili, ndani mmoja, na ncha za mbao kwenye kona tulizinywesha mpaka zikakataa, kwenye ncha ndo maji yanaingilia.

Jamani na vipande vilivyobaki. Zile mbao za nguzo na boriti zina rangi ya kijanijani, dawa yake ina shaba, kromiamu na arseniki. Msichomee nyama! Nasema hivi kwa sababu siku ya kumaliza tuliita watu, mbuzi yuko tayari, na shemeji yangu mmoja alikuwa ameshapanga lundo zuri la vipande karibu na jiko la choma. Hata kuotea moto hapana, vinaenda dampo. Tulinunua mkaa kama watu wengine.

Baridi ikoje ndani? Julai asubuhi huku nje kuna barafu nyeupe kwenye majani. Hita ndogo ya umeme ikiwashwa chumba kinapata joto haraka kuliko nyumba kubwa, mbao haina ule ubaridi wa ukuta wa tofali ukiugusa. Ila ukizima, saa chache joto limeondoka, ndo ile robo niliyowaambia. Mama mkwe alilala na hita ya taimeri na blanketi mbili, hakulalamika, lakini yeye halalamiki hata akiumwa kwa hiyo sio shahidi mzuri. Mimi niliyelala humo wiki moja nasema hivi: kwa mgeni wa msimu, kwa ofisi, kwa cherehani yangu ambayo sasa ndo inakaa humo, inafaa na zaidi ya kufaa. Kwa mtu wa kulala kila siku miaka yote, hasa mtoto mwenye pumu, chukua ile ya fremu yenye sufi. Haina harufu nzuri ya mbao, ukiiona kwenye picha ni sanduku tu, lakini ina joto na waya unapita ndani ya ukuta.

Hela. Seti ilikuwa dola 18,000 na kitu za huku. Jumla yote tulipowasha taa ilikuwa imevuka 30,000, na hapo kazi ya kuunga hatujalipa mtu zaidi ya ule mbuzi. Msingi na sakafu ndo vilivyokula zaidi, halafu paa na povu lake, halafu umeme manake kutoka kwenye boksi la nyumba kubwa mpaka nyuma ni mtaro mrefu. Kwa hiyo ukiona tangazo, chukua bei ile uongeze theluthi mbili ndo uanze kuongea na mwenzio. Kuna watu walitufuata wakitaka kununua ileile nikawapa hizi namba wakanyamaza, na wengine wakasema bado ni nafuu, na kweli bado ni nafuu kuliko kuongeza chumba.

Ndugu wa nyumbani wameshaniuliza kama naweza kuwatumia moja kwenye kontena mpaka Tanga au Moshi. Msijisumbue. Nauli na ushuru vitazidi mbao zenyewe, na Sao Hill pale Mufindi kuna paini ya kutosha, patula sio radiata, ila inafaa kwa kazi hii ikikaushwa vizuri na kutiwa dawa ya kweli sio kupakwa oili chafu. Kinachohitajika ni mashine ya kukata ulimi na mfereji kwa kipimo kimoja, na karakana kubwa wanazo za kukatia mbao za dari, mkienda na mchoro watawakatia. Shida yenu itakuwa mchwa, ambao sisi huku hawatusumbui kama wanavyowasumbua nyie, kwa hiyo nguzo zipandishwe juu kabisa ya ardhi, ziwekwe kofia ya bati, na hakuna ubao kugusa udongo hata kidogo. Ukanda wa pwani kwa unyevu wake na chumvi mimi ningeogopa, nunueni skrubu za chuma kisichoshika kutu au msianze. Arusha, Iringa, Njombe, Limuru kwa walio Kenya, kule baridi ipo na mbao itawapendeza, na mafundi wetu wakishaambiwa mara moja kwamba fremu ya mlango inaachwa ielee, hawatauliza mara ya pili.